Kwenye monita ya chogo hamna picha, kuna nukta moja tu inakimbia

Mpwa wangu alikuja likizo ya mwezi wa sita hapa Mbeya akanikuta nimewasha ile monita yangu ya zamani, ile yenye chogo, nilikuwa natesti sipiyu moja ya kale iliyoletwa na mzee mmoja wa Uyole anataka kuokoa picha za familia zilizobaki humo. Dogo hajawahi kuiona hiyo kitu ikiwaka, kwake yeye ni mzigo wa stoo tu. Akatoa simu akairekodi kwa ile slomosheni alafu akaniletea huku anacheka, "Anko hii imekufa, ona." Na kweli kwenye simu picha haikuwa nzima, kuna kipande kinawaka, kingine cheusi tii, na ule mpaka unashuka polepole kama mtu anavuta pazia. Nikamwambia haijafa, hapo simu yako ndo inasema ukweli, macho yetu ndo yanadanganywa.

Akataka nimweleze, na mi nikaona hili jambo wengi tulikaa mbele yake miaka na miaka bila kulijua, kwa hiyo naliandika hapa.

Shika hiki kwanza, ukikishika mengine yanakuja yenyewe: kwenye monita ya chogo hakuna dakika wala sekunde ambayo picha nzima ipo kwenye kioo. Haipo. Kilichopo ni nukta moja ya mwanga, inaanzia juu kushoto inakimbia kwenda kulia, ikifika mwisho inazimwa, inarudishwa kushoto faster, inaanza mstari mwingine chini kidogo ya ule wa kwanza, hivohivo mpaka chini kabisa alafu inapanda tena juu. Si unajua mtu anavyokusanya majani kwa reki, anavuta kuja kwake, ananyanyua, anairudisha bila kugusa chini, anavuta tena pembeni yake. Ndo hivo. Na wazungu wenyewe ile mistari wanaiita rasta, neno limetokana na reki kwa Kilatini, sio mimi nimetunga.

Sasa hiyo nukta inatoka wapi. Ile tyubu ni chupa kubwa ya kioo iliyonyonywa hewa yote, mbele pana, nyuma ina shingo nyembamba. Kwenye shingo kuna hita ndogo inakula volti 6 na kitu, ule mwanga wa rangi ya chungwa unaouona ukichungulia matundu ya nyuma usiku ndo wenyewe. Hita inapasha kathodi, kikopo kidogo cha chuma kilichopakwa oksaidi ya bariamu, na kikishapata moto wa kutosha elektroni, yaani vijichembe vya umeme, zinaanza kuchomoka juu yake kama mvuke juu ya sufuria ya ugali. Ndo maana ulikuwa unawasha, kompyuta imeshapiga bipu na skrini bado nyeusi, kisha picha inakuja taratibu. Sisi tulikuwa tunasingizia baridi ya huku, tunasema mashine imeganda, kumbe hamna, kathodi inataka nyuzi 700 au 800 hivi ndo ifanye kazi, sasa tofauti ya baridi ya Uyole na joto la Dar hapo ni hela ya kununulia pipi. Na tyubu ikizeeka ile kathodi inachoka, picha inakuwa hafifu na inachelewa zaidi, hapo fundi anakwambia tyubu imechoka na safari hii sio uongo wa fundi.

Mbele ya kathodi kuna vikopo vingine vyenye tundu katikati, kimoja kinafanya kazi kama koki ya bomba, kinabana au kuachia elektroni, vingine vinazikusanya ziwe mshale mwembamba. Alafu kule mbele ndani ya kioo kuna umeme wa kuvuta, kwa monita ya rangi ni kama volti 25,000. Ukutani kwako kuna 230. Kwa mvuto huo elektroni zinafika karibu kilomita 90,000 kwa sekunde, karibu theluthi ya mwendo wa mwanga. Basi la Dar linatoka hapa alfajiri, ni zaidi ya kilomita 800, unafika giza limeingia miguu imevimba. Elektroni ingemaliza safari hiyo kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, hamna mizani wala kushuka Makambako kula chipsi. Zikigonga kioo kwa ndani zinakutana na unga uliopakwa pale, unaitwa fosfa, na unga huo ukigongwa unatoa mwanga alafu unafifia. Nukta yako hiyo.

Jamaa aliyeunda tyubu ya namna hii ni Mjerumani, Karl Ferdinand Braun, mwaka 1897, na wala hakuwa na mawazo ya TV, alitaka kifaa cha kuonea mawimbi ya umeme. Mwaka huohuo kule Uingereza J. J. Thomson akatumia tyubu za ukoo huo kuonyesha kwamba kinachokimbia mle ndani ni vitu vidogo kuliko atomu, ndo elektroni zenyewe. Ili ujue ni zamani kiasi gani, mwaka 1897 Mkwawa alikuwa bado yuko porini huku Iringa anapambana na Wajerumani.

Turudi kwenye nukta, maana haijiendeshi. Pale shingo inapoanza kupanuka kumevalishwa koili za shaba, mafundi wanaita yoki. Koili zikipitishiwa umeme zinakuwa sumaku, na sumaku inapinda njia ya elektroni. Kuna seti ya kuipeleka kushoto kulia na seti ya kuishusha na kuipandisha, basi. Na hapa ndo unapata jibu la kwa nini chogo lipo, yaani sio kwamba walijaza mavyuma huko nyuma, mle ndani sehemu kubwa ni utupu. Ule mshale unapindwa shingoni, sasa ukishapinda unahitaji umbali ndo ufike kwenye kona za kioo, kama tochi, ukitaka imulike ukuta wote inabidi urudi nyuma. Skrini ikikua na chogo linakua, ndo maana ile ya inchi 21 ilikuwa inakula meza nzima na mtu anaandikia kiboard magotini.

Kompyuta kwa upande wake haitumi picha kama unavyotuma picha kwenye WhatsApp. Inatuma umeme unaopanda na kushuka. Ule mkia wa VGA wa pini 15, ulikuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, una nyaya tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja inabeba volti kuanzia sifuri mpaka 0.7 tu, ikipanda nukta inang'aa, ikishuka inafifia. Kuna nyaya mbili nyingine za amri, moja inasema mstari umeisha rudi kushoto, nyingine inasema tumefika chini panda juu. Kwenye ile saizi ya kawaida ya 640 kwa 480 mistari inayopigwa ni 525 kabisa, 480 ndo unaiona na iliyobaki ni muda wa nukta kurudi juu ikiwa imezimwa, na mzunguko huo mzima unafanyika mara 60 kwa sekunde. Piga hesabu, ni mistari 31,500 kila sekunde, na kila kidoti cha picha kinapata muda wa sehemu 40 za bilioni ya sekunde kuwaka, nukta imeshapita. Na kwa sababu kioo hakikumbuki kitu kompyuta inalazimika kurudia kutuma picha ileile mara 60 kila sekunde hata kama umeenda kunywa chai na hakuna kilichobadilika.

Ukijua hayo unaweza kusoma ugonjwa wa monita ukiwa umekaa tu mbele yake. Skrini nzima imekuwa ya njano? Bluu haifiki, chezesha mkia wa VGA kwanza kabla hujampa fundi hela yako, kuna pini imepinda au waya umekatikia ndani. Imekuwa zambarau? Kijani imepotea. Picha inapanda juu bila kusimama kama sinema iliyokosa breki, ile amri ya kupanda haisikiki. Imekatikakatika kwa mshazari kama mtu amechana gazeti, amri ya mstari ndo imepotea.

Ila ugonjwa ninaoupenda mimi, kama ugonjwa unapendwa, ni ule wa mstari mmoja mweupe katikati, umelala, unang'aa kweli, juu cheusi chini cheusi. Hapo nukta inakwenda kushoto kulia vizuri tu ila hakuna wa kuishusha, saketi ya kushusha imekufa, mara nyingi ni aisii moja, kile kichipu cheusi, au risasi ya kulehemu iliyopasuka kwenye miguu yake, unailehemu upya umemaliza. Sasa jiulize, mbona mstari uliosimama wima tunauona mara chache sana? Kwa kweli hili swali nilikaa nalo muda mrefu, mpaka fundi mmoja wa Mwanjelwa akanifungulia TV akanionyesha flaibaki.

Iko hivi. Nukta ikifika kulia inatakiwa irudi kushoto ghafla, na ule umeme uliokuwa kwenye koili ukikatwa ghafla unapiga teke, kama gari lililofunga breki na abiria wote wakaja mbele. Wahandisi badala ya kulitupa lile teke wakalitumia, wakaliingiza kwenye transfoma, likatoka kwa juu volti elfu ishirini na kitu, ndo zile za kuvuta elektroni. Transfoma hiyo ndo flaibaki, jina lenyewe linatokana na huko kuruka kurudi. Kwa hiyo kwenye TV na monita nyingi za bei chee saketi ya kushoto kulia na ule umeme mkubwa ni baba mmoja mama mmoja, ikifa ile ya kwanza na umeme unakufa, hakuna cha mstari wala nukta, ni giza. Hapo nikasema ndaga fijo fundi, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, maana miaka yote nilikuwa nadhani ni bahati tu.

Hata kile kisauti cha ziiii cha TV za chogo, ambacho watoto wanakisikia na mzee anabisha hamna sauti, ni hukohuko. TV zetu zinapiga mistari 15,625 kwa sekunde, na flaibaki inatetemeka kwa kasi hiyo, sikio changa linadaka, la mtu mzima limeshachoka. Monita ya kompyuta inaanzia 31,000 kwenda juu, hapo hata mtoto hasikii, labda mbwa.

Na umeme ukikatika, kile kinukta kilichokuwa kinabaki katikati ya TV za zamani kinafifia polepole? Yoki zimeshakosa nguvu lakini kathodi bado ya moto na kioo bado kina chaji, kwa hiyo elektroni za mwisho zinakwenda moja kwa moja katikati, hamna wa kuzipinda.

Tuje kwenye macho. Nukta moja inawezaje kuonekana picha? Fosfa haizimi papo hapo, inabaki na mwanga kidogo, ila kwa monita ya rangi ni kidogo sana, kazi kubwa inafanywa na jicho lako ambalo linachelewa kusahau mwanga liliouona. Simu ya mpwa wangu haichelewi. Ilikuwa inapiga picha 240 kwa sekunde, monita inazunguka mara 60, kwa hiyo kila picha ya simu ilidaka kama robo ya kazi ya nukta, kingine ni cheusi. Monita za IBM za maandishi ya kijani za 1981 zilikuwa na fosfa inayochelewa kuzima makusudi, maana zilizunguka mara 50 tu, ukishusha maandishi yanaacha kivuli cha kijani nyuma kama mzimu.

Kuna kipindi kwenye miaka ya 2000 nilikuwa nakaa kwenye intaneti kafe moja maeneo ya Kabwe, mashine nane, zote za chogo, na kila jioni kichwa kinagonga. Tukasema ni mionzi. Bosi akanunua vile vioo vya kuning'iniza mbele ya skrini, kichwa kikaendelea kugonga na sasa tukawa hatuoni vizuri juu yake. Kumbe mashine zote zilikuwa zimesetiwa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, na kwa watu wengi 60 ni palepale mpakani jicho linapokosa kudanganyika, hasa kwa pembeni, ukitaka kuhakikisha usiitazame skrini, tazama ukuta wa pembeni yake, utaiona inatetemeka kama taa inayotaka kuungua. Tulivyopandisha mpaka 85, pale kwenye mipangilio ya disiplei, mibofyo minne tu, mambo yakatulia. Skrini bapa za sasa hata kwa 60 hazisumbui hivo, maana kila nukta yake inashikilia mwanga mpaka iambiwe ibadilike. Lakini kushikilia huko nako ndo kunafanya mpira unaokimbia uonekane na ukungu, ndo maana kuna watu wa magemu mpaka leo wanatafuta chogo kwa udi na uvumba.

Rangi sasa, na hapa walitumia akili nyingi kweli. Elektroni hazina rangi. Kwenye shingo kuna bunduki tatu, zote zinatema kitu kilekile, tofauti ni zinapofikia. Kioo kimepakwa vidoti vya fosfa ya nyekundu, kijani na bluu, vitatu vitatu, vikundi viko karibu karibu kama robo ya milimita, na nyuma yake kidogo kuna bati jembamba lenye matundu mamia ya maelfu. Chukua watu watatu wamesimama bega kwa bega nje ya nyumba wanachungulia ndani kupitia tundu moja la ukuta, kila mmoja ataona kona yake, wa kushoto haoni anachoona wa kulia. Ndo hivo bunduki ya nyekundu kupitia kila tundu inaona kidoti chekundu tu. Gharama yake ni kwamba elektroni nyingi, kama nane katika kumi, zinaishia kwenye bati, zinakuwa joto bure. Sony mwaka 1968 wakaja na Trinitron, wao badala ya matundu wakaweka nyuzi zilizosimama wima, mwanga ukapita mwingi, ila nyuzi zinataka kushikiliwa zisitetemeke kwa hiyo kuna kawaya kembamba kamelala kanaonekana kwenye skrini nyeupe. Nimeshamuona mtu anakifuta kwa kitambaa na mate, anadhani ni unywele.

Bati hilo ni la chuma, na chuma kinashika usumaku. Weka sabufa, spika yenye sumaku kubwa, pembeni ya monita wiki moja, utakuta kona imekuwa ya kijani au zambarau, elektroni zinapindishwa kidogo zinagonga kidoti cha jirani. Dawa yake ndo ile dwuuung unayoisikia ukiwasha au ukibonyeza digausi kwenye menyu, picha inacheza kama ipo ndani ya maji kisha inatulia. Ni koili imezungushwa kwenye kioo, inapewa umeme wa kwenda na kurudi unaoanza mkubwa unapungua mpaka sifuri, usumaku wa bati unavurugwa mpaka unaisha. Ukibonyeza tena papo hapo haiitiki vizuri, kuna kifaa mle kinachopata moto, subiri kipoe. Hata sumaku ya dunia yenyewe inaigusa nukta, kuna makampuni yalikuwa yanarekebisha monita tofauti za kaskazini na za kusini mwa dunia, kwa hiyo mtumba wa Ulaya ukishushwa huku kwetu, nyuzi kama 9 kusini ya ikweta, usishangae picha imelalia upande kidogo. Ndo kazi ya ile mipangilio ya kuzungusha picha ambayo hakuna mtu alikuwa anaigusa.

Mwisho ni kile kioo, na hapa naongea taratibu. Kioo ni kizito kwa sababu mbili. Elektroni zikigonga kwa kasi ile zinatoa eksirei kidogo, kwa hiyo kioo kimechanganywa na madini ya risasi kuizuia, tyubu moja inaweza kubeba risasi inayofika kilo nzima. Sababu ya pili ni hewa. Ndani hamna kitu, nje hewa inasukuma, uso wa inchi 17 ukiwa Dar unabeba msukumo wa zaidi ya kilo 800, huku kwetu mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi, inapungua ila bado inazidi kilo mia sita na hamsini. Yaani magunia sita na zaidi ya mahindi yamekaa juu ya kioo muda wote, ukikipasua kinaingia ndani kwanza alafu vipande vinatoka kwa hasira.

Na ile tyubu inatunza chaji kama kapasita hata ukichomoa waya. Mimi niligusa ile kofia ya mpira ya juu, monita ilikuwa imezimwa tangu jana yake, mkono ukanirusha mpaka nikagonga rafu, bisibisi niliikuta chini ya meza kesho yake. Usifungue kama hujui.

Ndo maana yule kijana wa vyuma chakavu alipokuja na guta kutaka monita zangu mbili mbovu azipasue achukue shaba nilikataa. Nilimvulia yoki mwenyewe, nikampa shaba yake akaondoka anafurahi. Matyubu yenyewe yapo hapa nyuma ya mlango, yameelekezwa ukutani, na paka kahamia kwenye ile nzima inayowaka, analala juu ya chogo kutwa nzima maana huu mwezi wa sita hakuna sehemu nyingine yenye joto humu ndani.